Mjomba, usiihame namba sita

Mjomba, marahaba.

Juzi ulinisalimia kwenye simu ukakata haraka, nikajua kuna jambo. Mama yako ndiye aliyenifungulia: kocha mpya anataka ukacheze winga ya kulia, na kuna bwana mmoja anayejiita wakala amekujaza maneno kwamba kiungo mkabaji, hiyo namba sita yako, hauziki, video zake hazina mvuto. Tena kaja na karatasi za kusaini. Nimeona nikujibu hapa hadharani, jina lako nikilihifadhi, maana hapa Mwanza, kuanzia Mabatini, Igoma hadi Nyakato, kumejaa vijana wanaoambiwa hayo hayo.

Nianze na video. Hapo bwana yule hajakosea sana, klipu ya nusu dakika inambeba winga. Chenga mbili, krosi, kelele. Kazi yako wewe inafanyika kabla mpira haujakufikia, na simu hairekodi shingo ya mtu. Ile mechi yenu ya Nyamagana niliacha kuufuata mpira, nikawa nakufuata wewe tu. Beki wenu wa kati alikuwa bado anautuliza, wewe ulishageuza shingo kulia, ukarudi kushoto. Pasi ilipokuja ulikuwa umeshasimama upandeupande, uso unaangalia kwao. Namba kumi wao alikuja mbio kukupora, akakuta mpira umeshavuka kwenda kwa beki wa kulia aliyekuwa peke yake kabisa. Jukwaani hakuna aliyepiga makofi. Jirani yangu alikuwa anabishana na muuza karanga. Pasi mbili mbele mkapata kona, kona ikazaa bao, na shangwe zote zikaenda kwa aliyepiga kichwa.

Hivyo ndivyo utakavyoishi ukibaki namba sita, sikufichi. Na huku kwetu ni kugumu zaidi. Kwenye ndondo, hizi mechi za mtaani, kipa anabutua, mabeki wanabutua, mpira unapita juu ya kichwa chako kama ndege, wewe unabaki kugombania mipira iliyodondoka. Mtu akikuangalia siku hiyo atasema hujacheza.

Lakini mtazame Khalid Aucho, kiungo mkabaji mwenzako. Huyo si wa mbali, kazaliwa Jinja, maji haya haya ya ziwa letu, ng'ambo ya pili. Kacheza kwao Uganda, akavuka Kenya akavaa jezi ya Tusker, baadaye Gor Mahia, ile ya 2015 iliyobeba ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Akaenda Baroka ya Afrika Kusini, akaenda Red Star ya Belgrade ambako hakudumu, akaibukia India, akapita Misri. Anatua Yanga 2021 ndiyo anatimiza miaka 28, na mashabiki wengi wa hapa ndiyo kwanza wanalisikia jina lake. Misimu minne, ubingwa wa Ligi Kuu mara nne, na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 juu yake. Watu wakamwita Daktari. Sasa nitajie winga aliyezunguka nchi zote hizo, akafikisha umri huo, na bado kocha anaandika jina lake kwanza kabla ya wengine. Winga anaishi kwa kasi, na kasi ndiyo kitu cha kwanza kumkimbia mchezaji. Kiungo mkata umeme, ndiye huyo mkabaji, anaishi kwa kusoma mchezo, na kusoma mchezo kunakomaa kadiri unavyokula mechi.

Kama hoja yao ni kimo, N'Golo Kanté, kiungo mkabaji Mfaransa, ana sentimita kama 170 tu. Hadi 2013 alikuwa daraja la tatu Ufaransa na Boulogne. 2016 bingwa wa Uingereza na Leicester, 2017 tena na Chelsea, 2018 Kombe la Dunia. Hakuhama katikati.

Kuna jambo jingine la hapa hapa Mwanza. Timu zetu hazikai. Toto Africans ilishuka Ligi Kuu 2017. Mwaka huo huo Mbao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ikafungwa na Simba 2-1 pale Jamhuri Dodoma, mji mzima ukadhani tumepata timu. 2020 nayo ikashuka, ikaongozana na Alliance. Pamba, TP Lindanda ya kina baba zetu, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 hadi iliporudi 2024. Kwa hiyo usijijenge kwa mahitaji ya kocha mmoja wa msimu mmoja. Yeye leo hana winga, anaziba pengo lake. Mwakani anaweza kuwa Songea, na wewe umebaki winga wa kawaida aliyewahi kuwa kiungo mzuri. Usimgomee lakini. Mazoezini kacheze anapokupanga, umalize, kisha umfuate kwa adabu umwambie unaomba kupigania namba yako.

Sasa hizo karatasi, ambazo ndizo zimeninyima usingizi kuliko winga. Mama yako anasema zimeandikwa miaka mitano. Wewe una miaka 17. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 hasaini mkataba wa kuchezea klabu unaozidi miaka mitatu, kwa hiyo huyo bwana ama hajui kazi yake ama anaijua vizuri sana. Mwombe leseni ya uwakala ya FIFA. Siku hizi wanafanyia mtihani. Na hayo majaribio ya Uarabuni anayokuahidi mwezi wa tatu, uhamisho wa nje ya nchi kabla ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa mazingira machache ambayo wewe humo hauingii. Akikwambia umri "utarekebishwa" kidogo, ondoka hapo hapo. 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, walienguliwa kwenye fainali za vijana za Afrika kwa sababu ya umri wa mchezaji, timu nzima ikalia.

Soma kila mstari, hasa unaoeleza mkataba unavunjwaje na kwa pesa kiasi gani. Feisal Salum, kiungo ambaye nchi nzima inamkubali, alitaka kuondoka Yanga Desemba 2022 kwa kulipa pesa aliyoamini inamtoa. TFF, shirikisho letu la soka, ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje mpaka msimu ukaisha, ndipo Azam wakamchukua Juni 2023. Yeye alikuwa na jina, akarudi akawasha moto. Wewe ukikaa nje nusu msimu, nani atakukumbuka? Jua pia kwamba klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, kanuni hizo hizo zinakuruhusu kuiandikia, kuipa siku 15, na isipolipa unaondoka kihalali. Ila lazima iwe kwa maandishi. Kumlalamikia meneja kwa sauti ya WhatsApp haihesabiki.

Na goti. Victor Wanyama, kiungo mkabaji wa Kenya, aliifunga Barcelona 2012 akiwa Celtic, akapanda hadi Tottenham, goti likamvuta chini wakati ndiyo kwanza amenoga. Alikuwa na madaktari wa kila aina. Wewe una barafu ya kwa muuza samaki, halafu kila Jumamosi unakwenda kucheza ndondo kwenye mawe ya Mabatini kwa elfu tano. Acha. Kama ni hiyo elfu tano, nitakutumia mimi.

Bwana yule akirudi, mwambie karatasi zinasomwa na mjomba kwanza. Piga picha kila ukurasa, na ile ya nyuma yenye maandishi madogo, unitumie leo usiku nimpelekee mwanasheria mmoja tunayesali naye. Msalimie mama. Mwambie wale dagaa asiwauze, Jumapili nikitoka uwanjani nawapitia.

Mjomba wako,
Pasiansi