Kaka, hiyo ratiba ya siku sita naomba uifute

Kaka yangu, shikamoo. Salamu nyingi kwa wifi na watoto.

Ile ratiba uliyonitumia nimeisoma jana usiku mara mbili na usingizi ukaniruka. Mnatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) asubuhi, Tarangire mchana, kesho yake Ngorongoro, keshokutwa Serengeti, alafu ndege ndogo mpaka Unguja, siku ya sita mko angani mnarudi Muscat. Wanyama mtawaona, sikatai. Ila watoto wako ni Warangi na hawajakanyaga Kondoa hata siku moja, na bibi aliyetulea ametokea huko, sasa mnaniambia mtakuja Tanzania mpite juu kwa juu?

Ombi langu ni hili. Tueni Dodoma. Tukodi gari na dereva wake, tuwe sisi wenyewe tu, na tutumie siku kumi kwenye njia ambayo mwenye haraka anaimaliza kwa siku moja. Ni ile barabara kuu ya zamani ya kutoka Cape mpaka Cairo. Kipande cha Dodoma mpaka Babati ni kilomita 251, lami yake ilikamilika 2018, kwahiyo kuchelewa itakuwa ni kwa kupenda kwetu.

Nakwambia haya kwasababu mwaka jana nilikwenda na kampuni moja, sitaitaja, tukapakiwa watu tisa tusiojuana na Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya kale ya miambani, tukapewa dakika arobaini. Arobaini kaka! Unapanda mlima unahema, unafika kwenye jiwe, kabla jasho halijakauka honi inalia huko chini. Niliumia sana. Mwezi wa nane nikarudi peke yangu, nikalala Kondoa mjini, asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Kolo na nikakaa pale juu mpaka jua likageuka.

Na ukikaa ndo unaona. Mwanzoni ni madoa mekundu tu kwenye mwamba, rangi kama udongo wa huku huku, alafu jicho likizoea yanatokea maumbo, twiga, tembo, na kwenye pango moja watu watano wembamba warefu, wa katikati kashikwa mikono huku na huku, wawili wa upande mmoja vichwa vyao vikubwa kama wamevaa vinyago. Mary Leakey, aliyeinakili michoro hii miaka ya 1950, alisema huyo mtu anatekwa, wengine wanasema hapana, ni ngoma ya tiba. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006 lakini wazee wa pale hawakusubiri UNESCO, mpaka leo wanakwenda kutambika, kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Nataka wanao wakae mbele ya lile jiwe wabishane wenyewe huyo mtu anafanywa nini, hata ikichukua saa nzima.

Kutoka hapo twende Haubi, kijiji cha huko huko Kondoa, siku mbili, bila kufanya chochote cha maana. Njiani kuna makorongo makubwa, dereva nitamwambia asimame. Mwaka 1979 serikali iliiondoa mifugo yote kwenye milima ile kwasababu ardhi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko. Mzee mmoja nilikaa naye kibarazani kwake, akanionyesha kwa fimbo lilipokuwa zizi la baba yake, pameota miti mitupu, na akawa anataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, yaani miaka yote hiyo na bado anawakumbuka. Aliongea zaidi ya saa mbili. Mwenye ratiba ya siku sita angemuaga baada ya salamu.

Alafu kuna hili la lugha, linalonifurahisha kuliko yote. Kondoa unasikia Kirangi, ni Kibantu. Ukifika Babati kuna Wagorowa, na mbele Mbulu na Karatu ni Wairaqw, hao ni Wakushi, lugha yao na Kirangi hazijuani kabisa. Katesh chini ya mlima Hanang kuna Wadatoga, ni Waniloti, mama zao wanavaa sketi za ngozi zilizoshonewa shanga. Na Wasandawe wa kule Kwa Mtoro na Wahadzabe wa ziwa Eyasi lugha zao zina zile sauti za kugonga ulimi kinywani. Aina zote hizo, na hujatoka nje ya safari ya gari. Sokoni Babati unaweza kuzisikia tatu wakati unapimiwa vitunguu.

Katesh tusiipite bila kusimama. Maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yaliua watu wengi pale, na watu bado wanayasimulia. Tule pale, tulale pale, hela yetu ibaki pale.

Wahadzabe, kaka, kama hatuna siku nzima basi bora tusiende. Kushuka kwenye gari, kupiga picha watu wamevaa ngozi na kuondoka siwezi, naona aibu kwa niaba yao na yetu.

Baada ya hapo mko Karatu, Ngorongoro hiyo hapo, nendeni mkaone simba zenu. Mwezi wa saba Mbulu na Karatu kuna baridi kweli, leteni masweta, watoto wa Muscat watatetemeka. Na viatu visivyoteleza, mawe ya Kolo hayataki sandozi.

Nishaongea na dereva, ni mtu mzima, hana haraka, anaomba tu ajue tarehe mapema. Na bibi mdogo wa Haubi nimemwambia labda mtakuja. Ameniuliza mara mbili kama watoto wanakula mlenda na ugali wa uwele. Nimemwambia wanakula. Anzeni kuwazoesha huko huko.

Wako,
mdogo wako wa Dodoma