Palizi imefika, mtoto anashindaje?

Mhariri,

Mvua zikishaanza huku Dodoma, mwishoni mwa Novemba au Desemba, magazeti na redio hutupa ushauri mwingi kuhusu mbegu, mbolea na viwavijeshi. Ushauri huo unahitajika. Lakini kuna jambo la msimu huohuo lisilosemwa vya kutosha: mtoto wa chini ya miaka miwili anashindaje wakati mama yuko shambani? Desemba kuna nafuu, kwa kuwa shule zimefungwa na kaka na dada zake wapo nyumbani. Januari wanarudi darasani, na palizi inapamba moto. Mtoto anabaki na bibi aliyechoka, au anabebwa mgongoni hadi shambani, na tangu alfajiri hadi saa nane mchana pengine hatii kitu tumboni isipokuwa uji mwepesi wa asubuhi.

Uji huo ndio wa kuanza nao. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba takribani kikombe kimoja cha chai kwa mlo. Akishiba uji wa maji, ameshiba maji. Wazazi huupika mwepesi kwa sababu mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito, na hofu yao ina msingi. Dawa yake ni kitu ambacho wanawake wa kwetu wanakijua siku nyingi kwa ajili ya pombe: kimea. Loweka uwele au ulezi usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka uchipue. Anika juani ukauke kabisa, kisha fikicha uondoe mizizi na machipukizi yote kabla ya kusaga. Kwa mtoto usitumie kimea cha mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Siku ya kupika, songa uji uwe mzito karibu na ugali laini. Uepue, uache upoe kidogo, ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe cha uji na ukoroge. Baada ya dakika chache utalegea wenyewe bila tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kimekaa na unyevu siku kadhaa na kina vijidudu. Wanaosema kimea hakifanyi kazi aghalabu wamekitia uji ukiwa bado unatokota. Joto kali huua nguvu yake, na uji unabaki mzito vilevile.

Karanga ziongezwe, ila zichaguliwe moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu itupwe, isipewe hata kuku. Mikoa ya Dodoma na Manyara haijasahau mwaka 2016, watu walipopoteza maisha kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Hapa niseme wazi kwamba sikubaliani na unga wa lishe unaochanganywa nafaka tano, maharage na karanga, ukasagwa debe zima. Karanga ikishasagwa mafuta yake hutoka, unga unachacha mapema, na punje moja mbovu huenea kote. Bora unga wa nafaka moja, na karanga za kutwanga siku hiyohiyo, kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kikombe. Uji ukishaepuliwa kwa mara ya mwisho na kupoa, tia kijiko cha unga wa ubuyu, ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo kwenye uwele, na ikichemshwa huharibika.

Kuhusu kiasi, mtoto wa miezi 6 huanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji nusu kikombe mara tatu au nne kwa siku, na aliyetimiza mwaka robo tatu hadi kikombe kizima, juu ya maziwa ya mama. Wa chini ya miezi sita ni ziwa tu, hata jua liwe kali namna gani, maji asipewe.

Shambani, uji uende ndani ya chupa ya chai ukiwa moto sana, ubuyu utiwe ukishamiminwa na kupoa, na mtoto anyweshwe kwa kikombe na kijiko. Uji uliolala kwenye sufuria chini ya mti unaharibika ndani ya saa mbili kwa joto letu. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono, cha dumu la lita tano, kining'inizwe hapohapo na sabuni yake, na uso wa mtoto uoshwe pia, maana nzi wa msimu wa mvua ndio wanaosambaza ugonjwa wa macho wa vikope. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya wadudu isiguswe kwa maji ya kunywa, hata ikioshwa mara kumi. Mbegu zilizobaki zikiwa na rangi nyekundu au kijani ya dawa zisisagwe kamwe. Kuzisuuza hakuondoi sumu.

Suala la nani amshike mtoto haliwezi kuachiwa mama peke yake. Kaya zenye mashamba jirani zinaweza kufufua ujima: kila siku mtu mzima mmoja abaki kivulini na watoto, wasizidi wanne au watano, na wenzake wampalilie sehemu yake. Akina baba wawemo kwenye zamu hiyo. Kivuli kisiwe karibu na kichuguu wala lambo, na mkeka ukung'utwe kwanza kwa ajili ya nge.

Ombi langu kwa serikali za vijiji ni moja. Wakati wa palizi kina mama wengi hushindwa kufika kliniki, na chanjo ya surua ya miezi 9 au 18 hupitwa hapohapo. Basi siku ya upimaji ihamishiwe siku ya mnada, watu wanapoacha majembe. Mhudumu wa afya akiwa na utepe wa rangi wa kupimia mzunguko wa mkono, unaoonyesha utapiamlo, dakika moja inatosha kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 12.5 ni njano, mtoto aandikwe na afuatiliwe. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo apelekwe zahanati siku hiyohiyo, palizi isubiri.

Msomaji,
Chamwino, Dodoma