Rangi ya makopo mawili isiuzwe bila hadna yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaopaka rangi mabasi, malori na matangi ya chuma hapa Kampala tunalifahamu vizuri, ila sijaona likiandikwa. Hadna, yaani kimiminika cha kuikaza rangi (kwa Kiingereza hardener), ya rangi ya akriliki poliurethani inauzwa kwa kupimiwa, ikiwa imetengwa na rangi yake na kutiwa katika chupa za soda zisizo na maandishi yoyote.

Rangi hii haikauki kama rangi ya mafuta ya kawaida. Huja katika makopo mawili: la kwanza lina utomvu wa akriliki wenye vikundi vya haidroksili, na la pili lina hadna, ambayo ni isosianati, kemikali inayoshikana na vikundi hivyo. Zikichanganywa, molekuli zake hushikana na kuwa wavu mmoja mgumu usioharibiwa kirahisi na dizeli wala mafuta ya injini, na unaostahimili jua kwa miaka mingi bila kupoteza mng'aro. Kwa sababu hiyo hupakwa juu kabisa kwenye mabasi, mitambo ya ujenzi, mabehewa, ndege na madaraja ya chuma. Epoksi, rangi nyingine ya makopo mawili, hushika chuma vizuri sana na kuzuia kutu, lakini ikiachwa juani huchujuka na kutoa ungaunga. Basi kwa miundo mikubwa ya chuma utaratibu uliozoeleka ni praima (rangi ya kwanza kabisa) ya epoksi yenye zinki, epoksi nyingine juu yake, kisha poliurethani yenye unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 50 hadi 75 ya kuzifunika zote mbili.

Mambo yote hayo hutegemea hadna iwe ile iliyokusudiwa na iwe kwa kipimo chake. Kuna rangi inayotaka sehemu nne kwa moja, na kuna inayotaka mbili kwa moja. Hadna ikipungua, rangi hubaki laini, na hata baada ya wiki ukucha unaacha alama mlangoni mwa basi. Ikizidi, rangi hukakamaa na kuweza kupasuka. Tena isosianati si za aina moja. Zile za alifati ndizo zinazostahimili mwanga wa jua, ilhali za aromati, ambazo ni za bei nafuu na zinafaa kwa kazi za ndani, hugeuka manjano zikikaa nje. Fundi aliyeshika chupa isiyo na jina atajuaje amenunua ipi?

Kisha kuna unyevu. Isosianati hukutana na maji kwa pupa ileile inayokutana na akriliki, na matokeo yake ni gesi ya kaboni dayoksaidi. Hadna iliyofunguliwa dukani mara kadhaa kwa siku, msimu wa mvua, huanza kuwa na ukungu na kuganda mdomoni mwa chupa, na ikipulizwa huacha vitundu vidogo kwenye bodi yote. Mwenye gari humlaumu fundi. Fundi naye, akijaribu kuokoa kazi, huongeza thina (kiyeyushi cha rangi) yoyote iliyo karibu, na nyingi kati ya thina hizo za bei rahisi zina alkoholi, ambayo nayo huila hadna kabla haijafika kwenye rangi.

Linaloniuma zaidi ni vifua vya vijana wetu. Ukungu wa isosianati unaotoka kwenye bunduki ya rangi husababisha pumu, na mtu akishapata mzio huo, kiasi kidogo mno kinatosha kumbana pumzi. Harufu haiwezi kumwonya, kwa kuwa huanza kuisikia akiwa amekwisha kuvuta hewa yenye madhara. Nimeona vijana wakipuliza rangi hii ndani ya gereji zilizofungwa wakiwa wamejifunga kitambaa usoni, na kitambaa hakizuii chochote. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, zinamtaka kila anayetumia bidhaa hizi kazini apewe mafunzo kwanza. Sisi tunayo sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, lakini mwajiri asiyeona onyo lolote kwenye chupa ataanzia wapi?

Najua hoja ya wenye maduka, na ina uzito: mwenye gereji ndogo anayepaka mlango mmoja hawezi kununua kopo la lita nne na hadna yake. Dawa yake ni makopo ya lita moja yaliyofungwa kiwandani pamoja na hadna ya kiasi hicho. Makopo hayo yapo, ila wauzaji wengi hawayaagizi kwa sababu kupimia kunaleta faida zaidi.

Naliomba Shirika la Viwango la Uganda lipige marufuku kupimia hadna, na liagize kila pakiti iwe na maelezo kwa Kiswahili na Kiganda: kipimo cha kuchanganya, muda ambao mchanganyiko unafaa kutumika, aina ya thina, tarehe ya mwisho, na barakoa inayotakiwa. Ukaguzi uanzie kwa wauzaji wa jumla, maana ndiko madumu makubwa ya hadna yanakofunguliwa.

Fundi wa rangi,
Ndeeba, Kampala