Mwanangu, harusi ni hesabu ya vichwa

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleykum. Sisi huku hatujambo. Mama yako mguu umepungua kuvimba, na jana kashinda uani akipeta mchele huku akigombana na kuku, kwa hiyo ujue mwenyewe hali yake. Orodha yako ya harusi imefika. Mdogo wako alinisomea kwenye simu, nikamwambia ainakili kwenye karatasi, maana mambo ya pesa siyaelewi mpaka niyaone yamekaa mezani.

Umeandika kwamba hutaki harusi ya kutapanya pesa na kuacha milima ya taka. Hilo limenifurahisha sana. Wewe umekulia kwenye nyumba ya vyombo. Watu huja kwangu kukodi masinia, masufuria, viti na maturubai shughuli ikikaribia, na asubuhi yake ni mimi ninayekwenda kuvikusanya, wakati MC na wapambaji wameshaondoka na pesa zao na maharusi bado wamelala. Asubuhi ile ndiyo harusi yenyewe ilivyo. Chini ya viti zimetapakaa chupa za maji za nusu lita, nyingi zimenywewa funda mbili zikaachwa. Mtu anafungua, anaonja, anaitwa kwenye picha, akirudi hakumbuki ipi yake, anachukua nyingine. Sahani za kutupa zimebebana na pilau ikiwa bado ndani, na mbuzi wa jirani anatafuna wali na plastiki kwa pamoja. Maputo yamepasuka, vipande vyake viko mchangani. Ikinyesha usiku, mzigo wote huo unaingia mtaroni, mtaro unaziba, na mtaa mzima unakula mbu wa harusi yenu kwa wiki nzima.

Sasa orodha yako. Sahani za mianzi. Mirija ya mianzi. Kamba ya juti ya kufungia maua. Kadi za karatasi yenye mbegu ndani, ambazo mgeni akishazisoma azifukie ardhini ziote. Vyote vya kuagiza, na nauli ya meli juu yake. Mama yangu, hiyo ni orodha ya manunuzi kama ile ya wenzako wanaotaka taa za kumetameta na keki ya ghorofa saba. Tofauti ni rangi tu, yenu ya kahawia. Na kamba ya juti unaiagiza wewe, mtoto wa Tanga? Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893, ukapandwa kwanza Kikogwe, hapo Pangani, na mpaka leo ukitoka nje ya mji unauona umejipanga shambani. Kamba ya mkonge ninayo stoo, nyeupe, safi, unapewa bure. Kadi ya mbegu, babu yako wa Pongwe ataichomeka kwenye fremu ya picha ya Makka pale ukutani, na haitaota mpaka Kiama. Watumie watu kadi ya simu. Chapisha chache kwa ajili ya masheikh na wazee, na hao wazee wapelekewe mkononi na mtu mzima anayejua kukaa na kuamkia, kwani mzee wa huku hualikwa kwa mdomo, kadi ni ushahidi tu.

Nimepiga mstari juu ya karibu kila kitu, nimebakiza swali moja ambalo hukuliandika: watu wangapi?

Kilo moja ya mchele, ukiwa pilau, inalisha watu wanane. Watu 200 ni kilo 25, mfuko mmoja. Watu 600 ni kilo 75, na nyama huku kwetu tunapiga kilo kwa kilo, la sivyo wageni watatafuta nyama kwa tochi. Kila mtu akifungua chupa mbili za maji, watu 600 wanakuachia chupa 1,200. Hapo hujahesabu viti, maturubai, Kosta za kuwaleta, soda na jenereta. Ukiwa na watu 600, hata ukiwalisha kwenye majani ya mgomba, harusi yako ni ya taka na ya deni. Ukiwa na 200, hata usipofanya jitihada yoyote ya pekee, umeshapunguza theluthi mbili ya kila kitu.

Najua hao 600 wanatoka wapi. Wanatoka kwenye kamati. Kamati inataka pesa nyingi, kwa hiyo inasambaza kadi za mchango kwa kila mwenye namba ya simu. Aliyechangia lazima aalikwe, tena aje na mwenzake, kadi yake ni ya wawili. Watu wakiongezeka, ukumbi hautoshi, unatafutwa mkubwa zaidi. Ukumbi ukiwa mkubwa bajeti haitoshi, zinasambazwa kadi nyingine. Kikao cha kila Jumapili nacho kina soda zake na mishikaki yake, kinakula mchango kabla mchele haujanunuliwa. Halafu kuna ahadi. Kwenye kundi la WhatsApp utaona jina, na mbele yake laki moja, na mbele yake tena neno "ahadi". Ahadi hainunui kitunguu. Wanaokuja kukodi kwangu kwa matumaini ya ahadi huwa wananikwepa njiani miezi mitatu baada ya harusi, na ninawaelewa.

Kwa hiyo fanyeni hivi, wewe na mwenzako. Kaeni wawili, bila shangazi na bila mwenyekiti, mwandike majina ya watu mnaowajua kwa sura na ambao wangekuja kukuzikieni. Hao waalikeni, achangie asichangie. Bajeti ipangwe kwa pesa iliyoko mkononi. Anayetaka kusaidia na hana taslimu, mwambieni alete kitu: shangazi yako wa Muheza ana machungwa, mjomba ana mbuzi, binti yake anajua kupaka hina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia sahaba wake Abdurrahman bin Auf afanye walima, karamu ya ndoa, walau kwa mbuzi mmoja, na Abdurrahman alikuwa mfanyabiashara. Sisi wa kukodi turubai tuna haraka gani?

Halafu shughuli iwe moja. Sendofu Dar es Salaam, kicheni pati, nikahi Tanga, kisha sherehe nyingine ukumbini kwa wafanyakazi wenzako: hizo ni harusi nne, na kila moja ina mpambaji wake na chupa zake. Nikahi msikitini baada ya alasiri, kahawa, tende na halua, kisha watu wanatembea hatua chache mpaka kwetu, tumefunga njia kwa ruhusa ya serikali ya mtaa, chakula hapo hapo. Upande wa bwana harusi waje kwa basi moja. Umewahi kuitazama nikahi kwa jicho hilo? Kahawa inatoka kwenye mdila, inanywewa kwenye vikombe vile vidogo vya kauri, kikombe kinasuuzwa kinakwenda kwa mwingine. Halua ikija kwenye vikapu vidogo vya ukili, msikiti mzima umekula na hakuna cha kutupa zaidi ya kokwa za tende. Mambo ya ndani, ya singo na unyago na ngoma, hayo nawaachia mama yako na somo wako. Najua kulalamikia bei tu.

Chakula kiliwe kwenye sinia. Watu watano kwa sinia, masinia 40, ninayo na ni mazito, yamekula harusi nyingi. Mtu akila sinia moja na wenzake hawezi kujipakulia kilima akakiacha, kwa sababu wenzake wanamwangalia. Kwenye meza ya kujipakulia kila mtu anajaza sahani kana kwamba kesho ni Ramadhani. Wakwe zetu wa bara, ambao hawajazoea, tutawawekea sahani za melamini na vijiko, wasione tumewadharau. Kunawa ni birika na beseni, kijana anapita, birika moja linanawisha sinia mbili tatu. Hizo tishu za boksi weka kwa wazee tu.

Mpishi atakwambia apike yote kwa mkupuo. Mkatalie kwa adabu. Nimesimama majikoni muda mrefu na ninachokijua ni hiki: pilau ya watu 200 ipikwe kwa masufuria mawili, na la pili lisiinjikwe mpaka turubai limeanza kujaa. Nyama na viungo viwe tayari, vitunguu vimekaangwa, supu inachemka pembeni, lakini mchele wa sufuria la pili ubaki mkavu mfukoni. Mchele usiooshwa unarudi stoo, au unarudi dukani ukiwa mmepatana na mwenye duka. Mchele uliooshwa lazima upikwe, na ukipikwa bila mlaji unaanza kuchacha alfajiri. Mpishi mzuri anaisoma njia: akiona wanawake wanashuka kwenye bajaji wanne wanne na watoto, anatia mchele. Kuchemsha tumia gesi, mtungi wa kilo 38 unatosha na unabaki. Kupalia juu ya kifuniko tumia makaa ya vifuu. Wauza nazi wa sokoni wanavyo viroba kwa viroba. Ukoko usiruhusu utupwe. Watoto wa barabara ya pili wataumaliza wakiwa wamesimama.

Maji: madumu ya lita 20, saba yanazidi kutosha kwa watu 200, na bilauri zangu, na vijana wawili ambao kazi yao ni kujaza na kusuuza. Hao vijana walipe. Watu wengi wanashindwa hapa, wanakodi bilauri halafu hawaweki wa kuziosha, saa mbili usiku bilauri safi zimekwisha na mtu anatumwa mbio kununua katoni za chupa. Gharama ya waoshaji wawili ni ndogo kuliko katoni hizo. Kinywaji cha pili kiwe sharbati ya ukwaju, au ya machungwa ikiwa tumeangukia msimu wake, ndani ya ndoo zenye bomba. Soda, kama mnang'ang'ania, ni za chupa ya kioo na kreti inarudi.

Maua tuachie huku. Asumini, rehani, mkadi na langilangi ukivishona vikuba, nyumba nzima inanukia, na yakinyauka yanatupwa chini ya mwembe. Mapambo ya kitambaa tutakodi. Maputo sitaki kuyaona, na katika hilo sina mjadala. Sare ya kamati msishone kitenge cha kuvaliwa jioni moja, toeni kanga. Doti ya kanga itavaliwa, itabebea mtoto, itafunikia mkate, na ikizeeka itapigia deki. Gauni lako kodi au azima, uzuri ni wako, gauni linakusindikiza tu.

Wageni wataomba kufungasha, hiyo ni desturi na mimi naipenda, mgonjwa aliyebaki nyumbani naye ale harusi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kina mama wa huku bado wanatoa nailoni kwenye pochi, wametoa wapi Mungu ndiye ajuaye. Semeni mapema, kwenye kadi ile ile ya simu: atakayepeleka chakula nyumbani aje na hotipoti lake. Watacheka, kisha watakuja nayo. Maganda na mabaki yakusanywe kwenye ndoo zake, jirani ana mbuzi na mama yako ana kuku. Chupa chache zitakazopatikana, kiroba kimoja kando, wale vijana wanaookota chupa wanaziuza kwa kilo na watakushukuru.

Limebaki suala la tarehe. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kila mtu anaoa, kuku wanapanda bei na maturubai yangu yote yako nje. Miezi ya masika usiifikirie, hakuna turubai la kuzuia mvua ya Aprili. Mfungo tano, ndiyo mwezi wa Safar, wazee wengine bado wanauogopa kwa nuksi zake. Sheikh wetu hana habari na nuksi, nami pia sina, na kwa sababu ya uoga huo huo wapishi wanakuwa hawana kazi na wanapunguza. Ongea na mwenzako. Mama yako ndiye atakayenuna, lakini mama yako niachie.

Nitumie idadi kabla ya mwisho wa mwezi, niweke masinia pembeni na nimpe mpishi fununu. Na uniandikie majina, siyo "watu wa ofisini, kama 80 hivi".

Wasalimie wote, na mkwe wangu mtarajiwa mwambie asiogope, bei yangu ya viti kwa familia ni nusu.

Ni mimi baba yako.