Tusimnyime Gukesh ushindi wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wapenzi wenzangu wa sataranji hapa Dodoma, ambao tangu Desemba 12, 2024 wanashikilia kwamba Gukesh Dommaraju wa India aliokota tu ubingwa wa dunia pale Singapore.

Ni kweli kwamba katika mchezo wa 14, ambao ulikuwa wa mwisho, alama zikiwa sare ya 6.5 kwa 6.5, bingwa mtetezi Ding Liren wa China alikosea vibaya katika hatua ya 55, alipoipeleka kete yake ya ngome mahali ambapo mpinzani aliweza kulazimisha ngome na maaskofu wabadilishane, wakabaki wafalme na askari peke yao, hali ambayo Gukesh, aliyekuwa na askari mmoja zaidi, asingeshindwa kuimaliza. Lakini nani alimfikisha Ding kwenye uchovu ule? Kijana wa miaka 18 aliikataa sare kwa saa nyingi, akijua kuwa wangetoka sare, mshindi angeamuliwa kwa michezo ya kasi, ambayo ingemfaa Ding, ambaye mwaka 2023 aliutwaa ubingwa kwa njia hiyohiyo.

Ding mwenyewe alimpongeza.

Mpenzi wa sataranji,
Dodoma