Kabla ya fimbo, damu ya kisigino

Mhariri,

Kila Januari tunapokea watoto wa darasa la kwanza hapa Mbagala, na wiki haziwi nyingi majina yanakuwa yameshagawiwa: huyu mzembe, yule kichwa kigumu, yule mwingine hatulii. Mzazi akiitwa naye ana lake: karogwa, karithi kwa baba yake, katuni zimemharibu. Kupima damu hakutajwi kabisa.

Sisemi kila asiyetulia ni mgonjwa. Wengi wana njaa tu, wengine hawaoni ubao, na darasa lenyewe limefurika hadi mwalimu naye mawazo yanamhama. Lakini wapo ambao tatizo liko kwenye homoni au umetaboli, yaani namna mwili unavyovunja na kutumia chakula, na hao fimbo haiwasaidii kitu.

Chukua tezi ya shingo, inayotoa homoni ambayo ubongo wa mtoto unaihitaji ili ukue. Wapo watoto wanaozaliwa haifanyi kazi ipasavyo. Duniani ni takribani mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000. Mwanzoni huoni kitu. Analala sana, halii sana, majirani wanamsifu: "Mtoto mpole huyu!" Kumbe ubongo unakosa homoni wakati ule ule unaoihitaji zaidi. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kidonge kimoja kwa siku, kwa kawaida hukua na kusoma kama wenzake. Akichelewa miezi, kilichopotea hakirudi chote. Wala chumvi yenye madini joto haimtoshi mtoto ambaye tezi yenyewe haikuumbika vizuri.

Kipimo si kipya. Miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alionyesha kwamba matone ya damu ya kisigino kwenye karatasi yanatosha kugundua fenilketonuria, ugonjwa wa umetaboli unaoharibu ubongo mtoto asipopewa mlo maalumu mapema. Karatasi kama hiyo hupima tezi pia. Hapa nchini baadhi ya hospitali zimeshawapima watoto wachanga selimundu, kwa hiyo mtu asituambie kisigino cha Mtanzania hakichomeki.

Mtoto wetu hupewa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio mara tu anapozaliwa. Wizara iongeze kipimo cha tezi hapo hapo, ianzie hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, na majibu yampate mama kwa simu kabla ya wiki mbili kwisha.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Mbagala, Dar es Salaam