Barua kwa mwanangu: huo mkopo usiuchukue

Mwanangu, marahaba, salamu zako zimefika, na mkwe wangu na wajukuu nawasalimu sana. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu hatufiki popote, ukisikia mama yako anakohoa kwa nyuma unaanza kulia, mimi nakata, alafu saa saba usiku natumiwa meseji kwamba jumatatu unaenda benki kuongeza mkopo wa kumuuguza mama yako. Meseji nimeiona. Jibu langu ni hapana, na nataka nikueleze kwa urefu kwanini usije ukadhani baba amekata tamaa au anaona mama yako hafai kugharamiwa.

Nianze na ugonjwa wenyewe maana najua wadogo zako wanakwambia vipande vipande. Daktari alitukalisha mimi na mama yako pale Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar es Salaam, akasema ni saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Upasuaji hapo haufai tena, matibabu yake ni mionzi ikienda pamoja na kemo. Mionzi ya nje ni jumatatu mpaka ijumaa kwa kama wiki tano, kemo dripu mara moja kwa wiki, alafu mwishoni inakuja mionzi ya ndani. Kabla ya kila kemo wanapima wingi wa damu na figo, kwasababu ile dawa inaelemea figo, ndo maana kila ukipiga unanisikia namwambia kunywa maji mama, kunywa maji. Na damu ikishuka wanamwongezea kwanza, maana mionzi haifanyi kazi vizuri kwa mtu aliyeishiwa damu. Haya nayaandika kwenye kidaftari, kila nikiingia kwa daktari nauliza, sioni aibu. Nilimuuliza pia kama atapona, akanijibu kiungwana kwamba wanatibu kwa nia ya kuponya lakini ugonjwa ukishafika hapo unaweza kurudi. Hilo na wewe ulijue hivohivo lilivyo.

Sasa hela. Mionzi inalipwa na bima, kemo inalipwa na bima, na bima hiyo imetoka kwako. Wakati ule unajaza fomu mimi nilikuwepo, wewe na mume wako, alafu nafasi nne za wategemezi, watatu watoto wako, ya nne ukamwandika mama yako mimi nikabaki nje, ukaniomba radhi kama umenikosea. Hukunikosea hata kidogo. Ile karatasi uliyojaza siku ile imefanya kazi kuliko mkopo wowote utakaochukua leo, na ukijilaumu kwamba hujafanya kitu kwa mama yako unanivunja moyo, maana kila asubuhi nikimwona anaitwa jina anaingia kwenye mashine najua ni mtoto wetu kamwingiza pale.

Kinachotuumiza ni vile ambavyo bima haigusi. Bima hailipi daladala ya kutoka Gongo la Mboto kwa shangazi yako mpaka Posta na bajaji ya kumalizia, maana sikuizi kutembea hata hatua chache anachoka. Hailipi pampasi za wakubwa, mionzi imemletea kuharisha na mkojo unamuwasha, hailipi sabuni, wala maziwa, wala samaki, wala ndizi laini anazoweza kumeza siku ambazo kichefuchefu kimembana. Hailipi nauli ya kutoka Njombe wala kibarua wa kupalilia kule nyumbani wakati mimi niko huku. Hivi vitu vinakuja kidogo kidogo kila siku na haviishi. Kwaiyo ukiniletea milioni kadhaa kwa mpigo leo zitaisha kwa wiki chache kwa namna hata mimi ntashindwa kueleza, alafu wewe utabaki unakatwa miaka sita. Ugonjwa huu unataka hela ndogo isiyokatika, sio hela kubwa inayokuja mara moja.

Na mshahara wako naujua, usione baba mkulima ukadhani sijui. Karatasi yako ya mshahara ulinionesha mwenyewe. Bodi ya mikopo wanachukua asilimia 15, mfuko wa hifadhi asilimia 5, bima 3, chama cha walimu 2, kodi, alafu mkopo wa nyumba mlionao tayari. Benki hawawezi kukukata mpaka ukabaki chini ya theluthi ya mshahara, kwaiyo huo wa kuongeza utakufikisha ukingoni kabisa, na najua kitakachofuata maana nimekiona kwa watumishi wengi kule Njombe, mtu akifika ukingoni anaanza kukopa kwenye simu, kwenye simu akikwama anaenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, wanamfuata mpaka getini shuleni mbele ya wanafunzi. Wewe una watoto watatu. Mama yako akipona akakuta umekuwa hivo hatonisamehe, na asipopona utakuwa unazika na kulipa deni kwa wakati mmoja.

Umeniuliza pia kwanini nisiuze shamba la parachichi. Jibu lipo kwenye mambo mawili. Miti ile ndo imeanza kuzaa vizuri, ndo inayomlipia mdogo wako ada ya kidato cha nne, na ndo itakayotupa nauli ya kurudi kliniki baada ya hapa, maana matibabu yakiisha kliniki haziishi, unaitwa kila baada ya miezi kadhaa kuangaliwa kama haijarudi. La pili, ameshakuja mtu. Hata hatujamaliza wiki mbili tangu taarifa isambae kanisani akaja na bei ambayo sijawahi kuisikia kwa ekari moja, achilia mbali mbili zenye miti. Anayenunua kwa mwenye mgonjwa anajua unamuuguza nani na anajua huwezi kusubiri. Nilimpa chai akanywa akaondoka.

Alafu mama yako mwenyewe kakataa, na hili nataka ulisikie. Kuna siku nilimletea samaki wa kukaanga pale nje, hakumgusa, nikadhani ni kichefuchefu. Kumbe anapiga hesabu. Akaniuliza samaki bei gani, akaniuliza na wewe umetuma shilingi ngapi mwezi huu, akaniuliza na kiwanja cha wajukuu kimeuzwa au bado. Mwanangu, mama yako alikuwa anaacha kula ili tusiuze kitu. Mtu ambaye anatakiwa ale damu ipande anajinyima kwasababu anaona sisi tunavyohangaika. Tangu siku hiyo kila jioni nakaa nae namwonesha hesabu yote, nani katuma nini, imetumika wapi, imebaki ngapi. Na sasa anakula. Kwaiyo ukiongea nae usimwambie "mama usijali hela ipo", hatakuamini, mwambie kiasi ulichotuma na kwamba watoto wamekula na ada imelipwa.

Sasa inatoka wapi hiyo hela kama hatukopi wala hatuuzi? Nimefanya kitu ambacho huenda hukukipenda, nimeutangaza ugonjwa wa mama yako. Najua ulitaka tukae kimya kwanza, na najua kwanini, ugonjwa wenyewe uko sehemu watu wanaona aibu kuitaja na wengine wakishasikia wanaanza kusema mambo ya ajabu. Lakini angalia sisi watu wetu tulivyo. Harusi yako kamati ilikaa wiki kadhaa watu wakaahidi na wakatoa, babu yako alipofariki daftari la rambirambi lilijaa siku moja na ng'ombe akachinjwa. Mtu akiugua tunatuma pole. Hatuna roho mbaya, ila msiba una kamati na ugonjwa hauna, basi nikaamua ugonjwa wa mama yako uwe na kamati. Baba yako mdogo ndo mwenyekiti. Yeye anatuma viazi na unga kwa basi kila zikipungua kwa shangazi yako, maana shangazi nae anatulisha na hajawahi kulalamika. Mjomba wako wa Makambako kachukua nauli. Wale vijana wa shangazi wawili wameshaenda kuchangia damu. Wenzake wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, wametoa kwenye mfuko wa jamii, ule ambao mama yako kauchangia miaka yote akiuguziwa mwenzake, na wamesema marejesho yake wanayasimamisha mpaka arudi. Wewe umewekewa kiasi kidogo cha kila mwezi, kidogo kweli, najua utakiona ni dharau kwa mtoto wa kwanza tena mwenye ajira. Kipokee hivohivo. Tuma hicho hicho, tarehe ile ile, usizidishe mwezi huu ukakosa mwezi ujao.

Kuna na ile dawa ya majani ya mstafeli na huyo mama wa Facebook mwenye chupa za laki mbili. Watu watatu wamenitumia, mmoja ni mchungaji, na wewe ukaniuliza kama "tujaribu tu". Hapana mwanangu. Mwaka 2011 ulikuwa mkubwa wa kukumbuka, magari yalipanga foleni mpaka Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali wakaenda na wengine hawakurudi. Mimi sibishani na mtu kuomba, tunaomba hapa kila usiku. Ila mama yako ana figo zinazopimwa kila wiki, sitamwekea juu yake kitu ambacho daktari hakijui. Akiumwa sana usiku wamempa mofini ya maji, nae anapata usingizi, na wale wanaosema hiyo ni dawa ya watu wa kufa waambie nimeuliza na nimeambiwa ni dawa ya maumivu, basi.

Sasa nikwambie ninachokitaka kwako, maana kukataa mkopo haimaanishi sina shida na wewe. Nakutaka uje. Likizo ya mwezi wa sita njoo ukae na mama yako, mimi nirudi Njombe nikachume parachichi kabla wanunuzi hawajaondoka, tukikosa huo msimu ndo hapo kweli tutauza shamba. Kuna mambo ya kumwogesha na kumbadilisha ambayo yeye anaona haya nikifanya mimi, baada ya miaka yote hii bado anageukia ukutani. Shangazi yako anasaidia lakini nae anaamka saa kumi kwenda kufungua mgahawa. Akikuona wewe atalegea. Mume wako nimeshaongea nae, amesema watoto atabaki nao, tena kasema kwa moyo mweupe kabisa, mshukuru.

Na kabla hujaja, hili ni gumu baba kumwambia binti yake, kwetu haya huwa anasema mama au shangazi, ila mama yako kanituma na mimi nimekubali. Nenda ukapimwe. Kuna kipimo cha siki kwenye vituo vya afya, hawatoi damu wala hawakati kitu, wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi wanaangalia, kikionekana kitu kinatibiwa kabla hakijawa saratani. Wanahimiza wanawake kuanzia miaka 30 na wewe umeshavuka. Mama yako hakuwahi kupimwa hata mara moja, alipoanza kutoka damu wakati hedhi ilishakoma miaka mingi zahanati walimpa vidonge vya maambukizi akavimeza miezi mpaka maumivu ya kiuno yakamzidi. Na yule mjukuu wangu mkubwa ana miaka kumi sasa, uliza shuleni kwao kama ameshachanjwa. Ugonjwa huu unaletwa na kirusi na chanjo yake ipo, ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni kuanzia miaka 9 mpaka 14 na ni dozi moja tu. Nasikia kuna wazazi wenzako walimu wanawazuia watoto kwasababu ya maneno ya mitandaoni kwamba inafunga kizazi. Wewe ni mwalimu, simama mbele ya wazazi uwaambie mama yako amelala wapi.

Kwaiyo jumatatu usiende benki, nenda kituo cha afya. Fomu kama umeshachukua ichane. Tiketi ya kuja jikatie mwenyewe usinitumie mimi hela ya tiketi ntaitumia kwenye pampasi. Ukija leta kanga mbili za zamani zilizolainika, mpya zinamkwaruza ngozi pale mionzi inapopita, na leta lile blanketi lake la kijani, ameliulizia jana na juzi.

Baba yako.